Vipande Viwili vya Shamba la Chansom Uppachak

Waheshimiwa watawa, wazee wa Ban Huai Khaem, majirani, na nyinyi wageni mliopanda mlima huu ndani ya moshi wa mashamba yanayochomwa: familia imenipa mimi, Intha, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma maisha yake kabla moto wa kuuteketeza mwili wake haujawashwa. Nitasoma kama nilivyoandika. Mahali nitakapokwama, mnivumilie.

Marehemu Chansom Uppachak alizaliwa Jumatano, tarehe 8 Novemba 1961, hapa hapa kijijini, wilaya ya Wiang Sa, mkoa wa Nan, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Pan na mama Khamfu. Mama alijifungulia ghalani, kwa sababu ilikuwa siku ya kuingiza mpunga na hakuna aliyedhani mtoto angekuwa na haraka kiasi kile. Baba alipenda kusema kuwa binti yake alivuta vumbi la nafaka kabla hajayajua maziwa.

Mwaka 1970, Chansom akiwa na miaka minane, vifaranga wa bata kumi na moja wa Mama walikufa ndani ya siku mbili. Walikuwa wamekula karanga zilizoota ukungu, zile zilizotupwa nyuma ya nyumba baada ya mvua. Chansom aliwapanga chini ya mchokochoko, akawahesabu, kisha akamfuata Mama jikoni.

"Mama, wamekufa kwa nini?"

"Bata hufa, mwanangu. Bata ni bata."

"Mbona waliokula pumba wako hai?"

Mama alimpa jembe akawafukie. Habari hii alinisimulia Mama mwenyewe, na kila alipoisimulia alicheka, isipokuwa miaka yake ya mwisho.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wilaya mjini Wiang Sa. Alikwenda kwa baiskeli ya Baba, kilomita kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi, na msimu wa mvua aliibeba baiskeli mabegani zaidi kuliko ilivyombeba yeye. Mwaka 1980 aliingia chuo cha kilimo, akahitimu Machi 1983 kwa masomo ya magonjwa ya mimea. Mwezi wa Juni mwaka huo huo aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao kuwa msaidizi wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo, kuchemsha chakula cha kuvu, na kuotesha kwenye visahani kile ambacho wakubwa walileta kutoka mashambani. Wakubwa walikuja na kuondoka. Yeye alibaki hapo miaka thelathini na minane.

Yeye na mume wake, Bwana Wiphat Sitthikan, walikutana Desemba 1987 kwenye uwanja wa mahindi wa kijiji cha jirani. Wiphat alikuwa na mashine ya kupukuchua, akizunguka nayo kijiji hadi kijiji. Siku hiyo aliona msichana mwenye kitambaa puani akifagia vumbi chini ya mashine na kulitia kwenye vifuko vya karatasi vya maabara.

"We dada, hilo ni vumbi," akamwambia. "Mahindi yako upande wa pili."

"Najua. Mahindi sina haja nayo."

"Basi nikuwekee na vumbi la kesho?"

"Ukiliweka pakavu, nitashukuru."

Akaliweka. Akaliweka la kesho, na la kesho kutwa, na kila mfuko aliuandikia jina la kijiji kwa hati mbaya sana. Walifunga ndoa tarehe 19 Februari 1989. Mungu na mizimu ya nyumba waliwajalia mtoto mmoja, Orathai, mwaka 1991.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo, na ambayo wengi wetu tulimchukia nayo.

Wenye umri wangu wanakumbuka palizi ya zamani. Tulikwenda kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako, watu ishirini mlimani na majembe, na wanawake ndio walioinama zaidi. Mama alitembea akiwa amepinda tangu alipokuwa na miaka arobaini na mitano. Kwa hiyo dawa ya magugu ilipofika, hatukuipokea kama adui. Kazi ya siku kumi na mbili ikawa ya asubuhi mbili. Mahindi yakapanda hadi vilele ambavyo zamani nguruwe mwitu tu ndio walivijua. Mimi nikawa wakala wa dawa hiyo hapa kijijini mwaka 2003, na madumu yalijaa chini ya nyumba yangu ya nguzo hadi kuku wakakosa pa kulala.

Marehemu hakuipinga dawa. Hili ninaomba lisikike, maana limepotoshwa sana, na mimi ni mmoja wa waliolipotosha. Alichouliza ni kitu kimoja. Udongo umejaa kuvu wa kila namna, wengi wao hawana ubaya, na wengine ni marafiki wa mmea. Lakini yupo mmoja wa kijani cha manjano ambaye hukaa ardhini, hula mabua na magugu yaliyokufa, na jua likizidi hupanda hadi kwenye gunzi na kuacha sumukuvu. Haina harufu, wala haitoki kwa kuchemsha. Inakaa kwenye ini la mtu kimya kimya. Chansom aliuliza: tunapopulizia magugu kila mwaka, huyu wa chini anapata nini?

Mwaka 2008 alimwomba Baba sehemu ya mteremko ulio juu ya kijito. Aliugawa vipande viwili, kwa mbegu ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile ya kupanda. Kipande cha juu kilipuliziwa kama mashamba yetu yote. Kipande cha chini kilipaliliwa kwa jembe, na aliyelishika jembe hilo alikuwa yeye mwenyewe, siku za Jumamosi na Jumapili, na Wiphat akimfuata nyuma akilalamika kiuno. Mara tatu kwa msimu alichukua udongo wa kila kipande, akaotesha kuvu kwenye visahani, akahesabu. Kituo hakikumpa saa za kazi hiyo. Aliifanya wenzake walipokwenda kula.

Mwaka wa kwanza hakuona tofauti. Wa pili, vilevile. Nilimtania: "Dada, udongo wako unasemaje leo?" Akajibu: "Bado unafikiri."

Mwaka wa nne ulianza kusema. Kufika mwaka wa saba, kipande cha juu kilikuwa na kuvu yule wa sumu mara tatu ya kipande cha chini, na wale kuvu wema waliozoea kumbana walikuwa wamepungua. Kwenye visahani aliona jambo lililomkosesha usingizi zaidi. Dawa ikiwa kali, kuvu alidumaa. Ikiwa hafifu, kiasi kile kinachobaki ardhini wiki kadhaa baada ya kupulizia, alitanuka haraka na sumu yake ikaongezeka. Alijaribu dawa nyingine mbili. Moja haikubadili chochote, nyingine ilimdumaza. Yote aliyaandika, hata yale yaliyodhoofisha hoja yake. Aliandika pia kwamba huu ni mteremko mmoja wa kijiji kimoja, na kwamba huenda sababu ni magugu yaliyokufa na kuachwa shambani, si dawa peke yake.

Novemba 2017, baada ya misimu kumi, alipeleka taarifa yake kwa mkuu wa kituo wa wakati huo. Mazungumzo hayo alimsimulia mumewe jioni ile ile, naye ameniruhusu niyasome.

"Chansom, kazi nzuri. Ni nani aliyekutuma?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi hakuna anayeisubiri. Iache hapa. Tutaiangalia."

"Lini, mkuu?"

"Wewe ni msaidizi wa maabara. Usinipangie ratiba."

Aliiacha. Ilikaa kwenye kabati la ofisi yake hadi mkuu alipohamishwa, na baada yake hakuna aliyejua ufunguo uko wapi.

Kwa hiyo tarehe 14 Januari 2018 alisimama kwenye ukumbi wa kijiji, na wengi wenu mlikuwepo. Alikuja na visahani vinne ndani ya boksi la keki. Hakuomba makubwa. Alisema tukaushe mahindi vizuri kabla ya kuyalundika, tusiwape bata wala watoto yale yenye ukungu, na kila nyumba ijaribu kupanda maharage ya kufunika udongo kwenye robo ya shamba, ipunguze dawa hapo, tuone baada ya misimu mitatu.

Mama Saengla, ambaye naye alitutoka mwaka juzi, ndiye aliyeanza. "Chansom, mwenzetu unapokea mshahara wa serikali. Wetu uko mlimani."

"Njoo na visahani vyako utupalilie!" mwingine akadakia kutoka nyuma, ukumbi ukaangua kicheko.

Yeye akasema, "Nitakuja. Niambieni siku."

Hapo ndipo nikasimama mimi. Nilisema: "Dada, umemsahau Mama? Umesahau alivyokuwa akitambaa ngazi za nyumba yake mwenyewe? Unataka hawa wanawake warudi huko, kwa ajili ya kitu kisichoonekana?"

"Kinaonekana, Intha. Nimekileta kwenye boksi."

"Umeleta ukungu! Kila nyumba ina ukungu! Waganga wana mizimu, wewe una ukungu. Tukuite Bibi Ukungu, basi!"

Jina lilishika. Watoto waliliimba njiani. Maneno yangu juu ya Mama yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimkata zaidi. Sikuyasema kwa uchungu wa Mama. Niliyasema kwa sababu ya madumu yaliyokuwa chini ya nyumba yangu.

Kuna mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Wiki iliyofuata mnunuzi alirudisha malori matatu ya mahindi ya Huai Khaem, akisema kijiji kimekiri chenyewe kuwa kina sumu. Mahindi yale yalikuwa kama ya kila kijiji cha bonde hili, wala si mabaya kuyazidi. Lakini ni sisi tuliotajwa. Kuanzia siku hiyo dada yangu alipita njiani na salamu ikabaki mdomoni mwake. Kwenye sherehe ya mwaka mpya wa mwezi wa Aprili, watu wanapowamwagia wakubwa wao maji mikononi na kuomba baraka, alikaa barazani kwake na bakuli la maji ya maua tangu asubuhi. Alikuja Orathai, na mtawa mmoja kijana. Mimi sikwenda, na nyumba yangu iko hatua sitini kutoka kwake.

Mwezi wa Juni mwaka huo alipanda msimu wa kumi na moja. Mahindi yalipofika magotini, mtu aliingia kwenye kipande cha chini, kile cha jembe, akakipulizia chote. Baada ya siku sita mahindi na majani vilikuwa vimekauka pamoja, vya manjano, kama vimemwagiwa maji ya moto. Palisemwa mengi. Vijana walisingiziwa. Mwenyekiti alipita nyumba hadi nyumba, na mimi nilifuatana naye, nikitikisa kichwa kwa masikitiko.

Aliyepulizia ni mimi. Nilipanda hadi shamba lile alfajiri na pampu mgongoni, nikamaliza jua lilipotoka. Sikuwa nimelewa. Nilitaka tu jambo lile liishe, watu wasahau, malori yarudi. Mke wangu anaisikia habari hii leo pamoja nanyi.

Marehemu alijua. Siku ya tisa alikuja nyumbani kwangu na daftari lake, akakaa kwenye ngazi ya chini, hakutaka kupanda. Nilimkaribisha chai akasema ameshakunywa.

"Intha, ulichanganya vifuniko vingapi kwa pampu moja?"

Nilitaka kusema sijui anaongelea nini. Nikamtazama, nikashindwa.

"Vitatu," nikasema.

"Vya dumu la bluu au jeupe?"

"Bluu."

Akaandika. "Na pampu ngapi?"

"Nne."

Akaandika na hilo. Kisha akafunga daftari, akaangalia kuku.

"Ilikuwa miaka kumi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Miaka kumi." Akasimama, akapangusa sketi yake, akaenda zake.

Hakumwambia mtu. Hata Wiphat hakuambiwa; nimemwambia mimi wiki hii. Kwenye daftari, ukurasa wa mwezi wa Juni 2018, pameandikwa hivi tu: "Kipande cha chini kimepuliziwa kwa bahati mbaya. Vifuniko vitatu, pampu nne. Ulinganisho umekwisha." Maneno hayo "kwa bahati mbaya" aliyaandika yeye, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuandika kitu asichokiona.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2021. Alizirudia bustani za nyumbani, akafuga bata, akawafundisha wanawake wachache waliokubali kuja kwake namna ya kuanika karanga juu ya vichanja. Walikuja kwa kupitia nyuma, kwenye migomba, wasionekane.

Februari 2024 alianza kuumwa ubavu wa kulia na kupungua mwili. Hospitali ya mkoa ilikuta saratani ya ini, tayari imeenea. Daktari alimwuliza kama amekuwa akila karanga na mahindi ya nyumbani. "Miaka sitini," akajibu. Vipimo vilionyesha pia kirusi cha ini alichokuwa nacho tangu utotoni, kama wengi wa rika letu. Orathai, ambaye ni muuguzi Chiang Mai, alilia kwa hasira. Alitaka kuwaita waandishi wa habari, picha ya mama yake itolewe pamoja na zile hesabu za visahani.

Marehemu alimshika mkono. "Usifanye hivyo, mwanangu."

"Mama, wewe ndiye ushahidi!"

"Mimi nina kirusi. Nimekula karanga za bibi yako, nimevuta vumbi la mashine ya baba yako, nimeotesha kuvu miaka thelathini na minane. Utajuaje ni kipi? Mtu mmoja si kipimo."

"Basi wafe wangapi ndiyo kiwe kipimo?"

Marehemu aligeukia ukutani, na nilimwona mabega yakitikisika. Ndiyo mara pekee nilimwona akilia kwenye ugonjwa ule, na hakulilia maumivu.

Alirudishwa nyumbani mwezi wa Januari mwaka huu. Nilikuwa nakwenda kila siku. Nilimkanda miguu, nilimlisha uji wa mchele, nikamweleza habari za mvua na za bei. Kila siku nilitoka nyumbani kwangu nikiwa na neno moja la kumwambia, na kila siku nilirudi nalo. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa tatu asubuhi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya moshi wa milima inayochomwa kusafisha mashamba. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi minne na siku sita.

Jana maofisa wawili wa kituo walileta shada la maua. Mmeliona pale mlangoni. Kwenye utepe wameandika: "Kwa Mtafiti wetu mpendwa." Alipokuwa hai aliomba kupandishwa cheo mara tatu, na barua yake ikarudishwa mara tatu. Walipokwisha kuwasha uvumba, mmoja wao alimwuliza shemeji yangu kwa sauti ya chini daftari ziko wapi, maana sasa kuna mradi, na wafadhili wanataka takwimu za miaka mingi.

"Zipo," Wiphat akamjibu. "Njooni mzisome hapa hapa barazani. Chai nitawapa. Lakini hazitoki mlangoni hadi jina lake liandikwe juu."

Wakasema watawasiliana.

Mwezi wa tano utafika, na wengi mlioketi hapa mtabeba pampu. Siwahukumu, madumu hayo mengi niliwauzia mimi, na niliacha kuyauza mwaka jana tu, dada alipokwisha kulala kitandani. Kipande cha juu na kipande cha chini leo havitofautiani tena. Nilikwenda kuvitazama jana. Ukimleta mgeni pale hawezi kukuonyesha mpaka ulikuwa wapi.

Marehemu ameacha mume, Bwana Wiphat. Binti, Orathai, na mkwe, Bwana Nirut. Mjukuu mmoja wa kike, Phimchan, mwenye miaka sita. Mashemeji na wapwa. Na mdogo wake mmoja, Intha, ambaye alikaa naye mwaka mzima wa ugonjwa bila kumwomba msamaha, na leo anauomba mbele ya watu ambao hawana uwezo wa kumpa.

Dada Chansom, lala. Amani iwe yako peke yako. Sisi tuachie deni.